Kitanda Nje, Fundi Ndani

Mimi sikusoma sana. Shule niliacha nikiwa bado nahesabu kwa vidole, na vidole hivyo ndivyo vilivyonifikisha hapa nilipo. Lakini wanawake wa huku wakipita kwangu husimama langoni na kusema, "Nyanya, hebu tueleze tena ile ya kitanda," nami nimechoka kueleza nikiwa na jembe begani. Basi nimekaa chini nimeiandika. Asiyeelewa asome mara mbili.

Nyumba yangu iko upande wa Kenyenya, kwenye mteremko, chai juu na migomba chini. Mume wangu aliijenga kwa matofali tukiwa bado vijana, akaiezeka kwa mabati, na mabati yale yakadumu kuliko yeye. Lakini hata bati huzeeka. Kutu ilikuwa imeyala mpaka ukilala chali unaona mahali jua linapopita. Na huku kwetu mvua haiombi ruhusa. Asubuhi jua linakuchoma ukichuma chai, mchana wingu linapanda, alasiri radi, kisha mvua ya mawe inayolaza mahindi. Mtu wa huku ambaye paa lake linavuja hana nyumba, ana chujio.

Bonasi ya chai ilipoingia nikaamua. Bonasi kwetu huja mara moja kwa mwaka, na ikija, kila mwenye nyundo anakumbuka ghafla kwamba wewe ni jamaa yake. Nilisema mwaka huu haitanunua ndama, haitakwenda harambee, haitakopeshwa mtu wa kanisani wala wa sokoni. Itanunua paa jipya, dari ya mbao sebuleni na chumbani kwangu, plasta ukutani na madirisha ya vioo. Nilitaka mvua kubwa ya Machi inikute nimelala pakavu. Hilo tu. Sikutaka ghorofa.

Nilikuwa sijamtafuta fundi bado, binti yangu akapiga simu. Yeye ameolewa Nyamira, karibu na Kebirigo.

"Mama, nasikia unatengeneza nyumba. Shemeji yangu ni fundi."

"Shemeji yako ni mkwe wangu," nikamwambia.

"Najua, mama. Lakini amekaa bila kazi, na hapa nyumbani wananitazama mimi."

Sasa kwa asiyekuwa mtu wa kwetu lazima nieleze, la sivyo hatajua kwa nini jambo dogo lilikuwa gumu. Mwanamume aliyeoa binti yako, pamoja na ndugu zake, wote ni wakwe zako. Kati yako na wao kuna chinsoni, yaani haya na heshima. Mkwe hakushiki mkono. Hakutazami usoni. Hagombani nawe wala wewe hugombani naye. Na hata dunia igeuke, mkwe haoni kitanda chako. Vijana wa siku hizi wanaivunja hiyo heshima na kucheka. Mimi bado naishika, na familia ile ya Kebirigo nayo inaishika, ndiyo maana niliwapa binti yangu. Kukiwa na neno kati yetu linapita kwa esigani, mshenga aliyepanga ndoa.

Kwa hiyo kumpa mkwe kazi ya nyumba yako ni kama kumfunga ng'ombe kwa kamba usiyoruhusiwa kuishika. Akienda kombo huwezi kumvuta. Nililijua hilo. Lakini niliisikia sauti ya binti yangu, nikakubali, ila nilikubali macho yangu yakiwa wazi.

Nikamwita mshenga. Huyu ni jirani yangu, rika langu, mjane kama mimi, na mdomo wake unakata kuliko panga la kufyekea chai. Siku ya mapatano mkwe alisimama upande mmoja wa kona ya nyumba, mimi upande wa pili, mshenga katikati kwenye kona yenyewe, akila ndizi.

"Mwambie mkwe," nikasema, "mbao, misumari, mabati na saruji nanunua mimi. Kazi ya mikono yake nalipa chumba kwa chumba. Chumba kikiisha, pesa inatoka siku hiyo hiyo. Kisipoisha, pesa inalala."

"Amesikia," mshenga akasema. "Masikio anayo makubwa, hata wewe unayaona."

"Siyaoni. Simtazami."

"Basi nakuhakikishia ni makubwa."

Mkwe akakohoa, akasema, "Mwambie mama nimekubali. Ila mafundi wengi hulipwa nusu kabla."

"Mwambie mkwe wale wengi waende kwa wengi."

Hiyo ya kulipa kazi ikiisha sikuitoa kichwani mwangu. Nilipokuwa msichana nyumba ziliezekwa kwa nyasi, na mwenye nyumba aliwaita majirani, kazi hiyo tukiiita risaga. Walikuja wanaume wa ukoo mzima, wakapanda, wakafunga, wakaimba. Chungu cha chakula kilikaa kando kimefunikwa kwa jani la mgomba, na mama yangu alikaa kando ya chungu na mwiko mkononi. Hakuna aliyeonja mpaka nyasi za mwisho zifungwe kileleni. Shemeji zake walimbembeleza, wakamtania, wakamwita mchoyo. Alikuwa akiwajibu, "Mdomo ukitangulia, nyasi hazifiki juu." Na kweli, hapa chini yangu kuna mwanamke aliyemlipa fundi pesa zote kabla, kwa sababu fundi alisema mtoto ni mgonjwa. Mpaka leo kilele cha nyumba yake kimefungwa kwa nailoni na mawe. Yule fundi humsalimu vizuri sana wakikutana sokoni, anavua hata kofia.

Mkwe wangu si fundi mbaya. Hilo nalisema wazi. Alikuja na watu wake wawili wa kumsaidia, wakaanza na mabati, wakaezeka nyumba yote, kisha wakaingia sebuleni. Dari ile ya sebule ukiitazama utafikiri ni jiwe la Tabaka, lile la wachonga vinyago, lililosuguliwa. Madirisha yakafunga bila kelele. Siku sebule ilipoisha nilimpa mshenga pesa ya mabati na ya sebule, zote, akampelekea palepale kwenye kona. Jioni ile nilikaa sebuleni kichwa nimekiinua mpaka shingo ikaniuma.

Kikabaki chumba changu cha kulala. Dari haijawekwa, dirisha limezibwa kwa gunia, na mahali mabati yanapokutana na ukuta palikuwa hapajazibwa.

Asubuhi iliyofuata nikiwa shambani mshenga akaja ananipungia mkono tokea mbali.

"Mkwe wako anakusanya vyombo," akasema. "Anasema kazi imeisha."

"Imeisha wapi?"

"Anasema imebaki chumba chako, na huko hawezi kuingia. Chinsoni. Anasema, 'Mimi nikaone kitanda cha mama mkwe? Laana hiyo nitaipeleka wapi?' Lakini anasema nyumba ni moja na mapatano ni ya nyumba. Anataka pesa iliyobaki."

"Na wale watu wake wawili? Wale si wakwe zangu."

Mshenga akacheka. "Wale amewahamishia kazi nyingine Kisii mjini, leo alfajiri."

Nikaelewa yote. Fundi alipata kazi kubwa mjini, akatafuta mlango wa kutokea kwangu, na mlango alioupata ni heshima. Alijua siwezi kubisha. Mama mkwe atasemaje, aingie tu? Mwanamke gani wa kwetu atamwambia mkwe wake kwa sauti, njoo chumbani kwangu?

Nilikwenda chumbani, nikafunga mlango, nikasimama gizani saa sita mchana. Juu ya ukuta niliona vitundu vya mwanga vimejipanga kama nyota. Nawaambia wanawake wote: mkitaka kujua kama paa limeisha, msimwulize fundi. Fungeni mlango mchana. Mkiona nyota, msilipe.

Nikamwambia mshenga apeleke jibu: pesa imelala.

Basi Kebirigo kukawaka. Binti yangu akapiga simu analia.

"Mama, mlipe tu. Mama mkwe amesema mbele ya watu kwamba umekula jasho la mtoto wake. Hata chumvi nikiomba napewa na maneno."

"Wewe ndiye uliyemleta."

"Ndiyo, mama, ndiyo maana nakuomba. Mlipe, halafu tutatafuta fundi mwingine amalizie."

"Kwa bonasi ipi?"

Nitasema ukweli, maneno yale ya chumvi yaliniingia. Ningekuwa na pesa mbili, moja ningeitupa Kebirigo binti yangu ale kwa amani. Lakini nilikuwa na moja, na nikiitoa, mvua kubwa ingenikuta chini ya nyota zangu, na mwaka mzima ningengoja chai inipe tena. Na kuna jambo jingine. Ningelipa siku ile, wale watu wangejua kwamba binti yangu akibanwa, mimi natoa. Wangembana tena.

"Vumilia," nikamwambia. "Chumvi nunua yako."

Alikata simu. Sikumlaumu.

Ikafika Ijumaa. Sisi ni Wasabato, na wakwe zangu pia. Ijumaa jua likianza kushuka, kwangu chakula kimepikwa, viatu vimefutwa, na jua likizama siguzi pesa wala sibishani na mtu. Watu wote wanalijua hilo, na mkwe alilijua vizuri. Nilikuwa nimechelewa kukamua, nimeinama chini ya ng'ombe, jua limebakiza kidogo tu kugusa mlima, nikasikia pikipiki langoni. Dereva hakuzima injini. Mkwe akashuka, akasimama nje ya boma, kofia mkononi, macho chini. Mshenga hakuwapo, alikwenda kujitayarisha kwake. Basi mkwe atasemaje na mama mkwe bila mtu wa katikati?

Akakohoa. "Ng'ombe wa mama," akasema, "mwambie mama jua linakimbia. Akinipa sasa, sote tutaingia Sabato na amani."

Nikaendelea kukamua. "Ng'ombe, mwambie mkwe Sabato haijawahi kuingia kwangu kwa kusukumwa."

"Ng'ombe, mwambie mama hata nusu."

"Ng'ombe, mwulize mkwe nusu ya chumba ni nini. Nilaze mguu mmoja?"

Dereva wa pikipiki akazima injini ili asikie vizuri.

"Ng'ombe, mwambie mama huyu wa pikipiki ananidai."

"Ng'ombe, mwambie mkwe pikipiki haikuezeka kitu hapa."

"Ng'ombe," mkwe akasema, na sasa sauti ilipanda kidogo, "mwambie mama kwetu wanasema anatumia heshima kunidhulumu."

Hapo nikaacha kukamua. "Ng'ombe, mwambie mkwe heshima haizibi tundu. Angekuwa na heshima na chumba changu, asingekiacha kinyeshewe."

Ng'ombe akainua mkia akajibu kwa njia yake. Dereva alicheka akashika mti. Nami niliona jua linazama, nikanyanyua ndoo yangu.

"Sabato njema," nikamwambia ng'ombe kwa sauti ya kusikika mpaka langoni, nikaingia ndani nikafunga mlango. Alifikiri haraka yangu itamlipa. Hakujua kwamba Sabato inaweza kumfunga mtu mdomo na kumfunga pia mkoba.

Siku iliyofuata tulitoka kanisani mawingu yakiwa yamekaa vibaya. Alasiri ikaja mvua, na haikuja ya kubembeleza. Mawe yalipiga mabati mapya mpaka hukusikia unachofikiri. Sebuleni, hata tone. Chumbani kwangu maji yalishuka ukutani kwa mistari, yakaingia chini ya gunia la dirishani, yakatafuta godoro. Nikaweka beseni, nikaweka sufuria, nikafunika godoro kwa nailoni, nikakaa juu yake kama kuku anayeatamia. Na nilifurahi. Mtu angeniona angesema nimerukwa na akili. Nilifurahi kwa sababu mvua ile ilikuwa shahidi wangu, na shahidi huyo hana ukoo wala mkwe.

Nikiwa nimekaa pale juu ya kitanda ndipo neno likanijia. Nilikitazama kile kitanda. Marehemu alikiunda kwa mbao nzito, ndani ya chumba hicho hicho, na tangu siku ile hakijatoka. Nikajiuliza, mkwe amekatazwa nini hasa? Hakukatazwa ukuta. Hakukatazwa dirisha. Mwiko uko kwenye hiki nilichokalia. Basi mwiko ni kitu chenye miguu minne, na kitu chenye miguu kinaweza kutembea.

Jumapili asubuhi nikamwita mshenga na wanawake wa kikundi chetu cha kuchuma chai. Nikawaambia shida, na kwamba nataka kitanda kihamie jiko la nje. Hakuna aliyewahi kusikia jambo hilo. Mmoja akasema, "Lakini si watu watasema umefukuzwa chumbani kwako?" Mshenga akamkata, "Watasema nini? Mama hulala palipo na kitanda chake. Kitanda kikiwa jikoni, jikoni ndiko chumbani. Mimi ndiye mshenga wa ndoa ile, na nasema hivyo mchana kweupe."

Mlango ulikuwa mwembamba, ikabidi tukifungue kitanda kwa nyundo, miguu kando, mbavu kando. Tukakitoa vipande vipande kupita uwanjani, jua likiwaka, wapita njia wakisimama barabarani. Mshenga alitangulia amebeba mto wangu kichwani akipiga vigelegele. "Tokeni njiani, bibi harusi anahama!" Nikamwambia aache upuuzi. Hakuacha. Tukakijenga tena katika jiko la nje, karibu na kuni, nikatandika. Kile chumba tulikifagia, tukatoa sanduku, tukatoa nguo, hata msumari wa kutundika kanga tukang'oa. Kikabaki kuta na beseni la maji ya mvua, ambalo sikulimwaga makusudi.

Kisha mshenga akampigia mkwe simu. "Njoo kesho kuhusu pesa yako," akamwambia. Na hakudanganya.

Jumatatu mkwe alifika mapema, amevaa shati safi, mfuko wake hauna vyombo. Nikajua alikuja kupokea tu. Alisimama upande wake wa kona, mimi upande wangu, mshenga katikati. Wale wanawake walijifanya wana kazi ya kupepeta mahindi uwanjani.

"Mwambie mkwe," nikasema, "chumba cha mama kimehama. Sasa kiko jikoni karibu na kuni. Kile kilichobaki ndani ni stoo. Hakina kitanda wala harufu ya kitanda. Aingie afanye kazi."

Hata mahindi yalisimama kwenye ungo.

"Mwambie mama," akasema baadaye, polepole, "desturi haihamishwi kama meza."

"Anasema desturi haihamishwi kama meza," mshenga akasema. "Nami namwambia hatukuhamisha meza."

"Mwulize mkwe," nikasema, "alipokuwa juu akiezeka, mabati ya zamani yameng'olewa na mapya hayajawekwa, chumba changu kiko wazi kama kikapu na kitanda kimo ndani. Haya yake siku ile aliiacha wapi?"

"Mwambie mama nilikuwa natazama mawingu."

"Mawingu!" Mshenga akapiga mapaja. "Ndiyo maana mabati ya upande ule yamekaa kombo! Fundi alikuwa anatazama mawingu! Mungu wangu, tumshukuru hakupigilia ndege misumari!"

Wanawake walianguka kwa kicheko. Mimi sikucheka, nilibana midomo. Lakini nilichungulia kidogo, sitasema uongo, nikaona mgongo wa mkwe, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Alikuwa anacheka yeye mwenyewe, ametugeuzia kisogo. Pale pale nikajua nimeshinda. Mtu akicheka hoja yake mwenyewe hawezi kuivaa tena.

Akajaribu mara ya mwisho, kwa adabu. "Mwambie mama basi anipe kidogo, niwarudishe watu wangu kutoka mjini."

"Mwambie mkwe mimi sikatai kulipa. Nakataa kulipia kitu ambacho sijakiona. Mbao za chumba hicho zimo sebuleni, nimezinunua. Vioo vimo. Pesa yake imo humu kwenye kanga yangu na haina miguu. Akimaliza atalipwa siku hiyo hiyo, mvua ikishanyesha."

"Mwambie mama, na mvua isiponyesha?"

"Mwambie mkwe hapa ni Kisii."

Mkwe akavua shati lake safi, akalitundika kwenye mgomba, akaomba nyundo. Kabla ya kuvuka mlango wa kile chumba alisimama kizingitini ameinamisha kichwa. Mshenga akaingia kwanza, akazunguka, akapiga kuta kwa viganja, akatangaza, "Stoo! Stoo tupu!" Ndipo mkwe akaingia. Aliona beseni halisemi uongo, limejaa maji. Alilibeba mwenyewe akalimwaga nje.

Kesho yake wale watu wake wawili walikuwa wamerudi. Walifanya kazi kwa bidii kuliko sebuleni. Waliyafungua yale mabati ya upande wa mawingu wakayanyoosha bila kuambiwa. Waliziba matundu ya ukutani, wakapiga dari, wakaweka kioo. Mimi muda wote huo nililala jikoni, moshi umenikausha kama nyama ya kubanika, lakini nililala kama mtu anayengoja habari njema.

Siku waliyomaliza nilichinja jogoo, kwa sababu mkwe haondoki kwako na tumbo tupu hata kama mmevutana. Nilifunga mlango wa kile chumba mchana, nikasimama gizani. Giza lilikuwa giza kweli. Nikatoka, nikakaa kwenye baraza upande wangu, mafundi upande wao, nyama ikiiva, sote tukitazama angani kama watu wanaongoja mgeni wa heshima. Mkwe aliuliza kupitia kwa mshenga kama lile wingu la upande wa chini lina kitu. Nikajibu lina kitu.

Likaja. Lilikuja na radi na mawe, na uwanja ukawa mto. Mshenga alijifunika gunia akakimbilia ndani ya chumba, akakaa humo muda mrefu mpaka nikaanza kuwa na wasiwasi. Alipotoka alikuwa ameinua mikono yake juu, viganja wazi.

"Nimepapasa kila ukuta," akasema. "Kukavu kama mahubiri ya yule mzee wetu."

Nikafungua fundo la kanga. Mshenga akaipokea, akazunguka kona, akampa. Zote, bila kukata hata ya lile beseni. Nilimsikia akipokea kwa mikono miwili, kwa maana nyundo ilianguka.

"Mwambie mama asante."

"Mwambie mkwe kazi ni nzuri. Na mwambie gata ya jikoni, ya kukinga maji ya paa, inamngoja baada ya bonasi ijayo, malipo kama haya haya."

"Mwambie mama nitakuja," akasema. "Ila kitanda kile cha jikoni akirudishe ndani kabla sijafika."

Hapo nilicheka. Nilicheka kwa sauti, mbele ya mkwe, na sioni kama kuna mwiko uliovunjika.

Wiki ile binti yangu akapiga simu. Nilijua kutokana na anavyovuta pumzi kwamba leo halii.

"Mama, mama mkwe yuko hapa kando yangu. Anasema nikuulize jambo." Sauti ikashuka. "Unajua ile nyumba yake, huyu huyu mtoto wake alimwahidi dari tangu zamani. Alipewa pesa kabla. Mpaka sasa kuna mbao mbili tu zinaning'inia. Anataka kujua wewe ulimfanya nini."

Nikasikia kule nyuma sauti ya yule mama, ile ile iliyosema nimekula jasho, ikisema kwa upole, "Mwulize taratibu, usimsumbue."

Nilikuwa nimelala kitandani mwangu, chumbani mwangu, alasiri, na mvua ilikuwa inaanza kugonga. Sikuwa na haraka.

"Mwambie," nikasema, "mara hii asitoe kitu mpaka anyeshewe akiwa ndani, atoke mkavu."

Binti yangu akarudia maneno yangu, neno kwa neno, kwa sauti kubwa. Kisha nikamsikia yule mama akimwambia, "Mwanangu, njoo uketi hapa karibu nami, unieleze vizuri."